Kidung'ata wa Muhogo: Mdudu Aliyehitaji Jina

Kwa mwenyeji wa kisiwa cha Chisenga, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, chakula ni samaki wa Ziwa Mweru na ugali wa muhogo. Mizizi hulowekwa majini mpaka ikalainika, huanikwa juani, kisha hutwangwa kuwa unga. Majani nayo hayatupwi. Sisi twayaita kisamvu. Wenyeji wa Luapula huyaita katapa. Na ukivuka ziwa kuingia Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga husikika sokoni, utaambiwa ni sombe. Nyumba yenye shamba la muhogo, basi, ina unga na mboga katika mti mmoja.

Mti huu si wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, ukapenya bara polepole kutoka mkono kwenda mkono. Msafara wa Kireno ulioongozwa na Lacerda, uliofika katika nchi ya Mwata Kazembe kusini mwa Mweru mwaka 1798, uliukuta tayari unalimwa huko. Kwa muda mrefu muhogo ulistawi Afrika ukiwa umewaacha ng'ambo ya bahari wengi wa wadudu wanaoushambulia kwao. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwa maana ndilo kiini cha habari hii.

Mnamo mwaka 1973 wakulima wa pande za Kinshasa na Brazzaville waliona ncha za mihogo yao zikijikunja na kushikamana kama ngumi. Majani yalidumaa, pingili zikawa fupi na kupinda, na chini ya majani kulikuwa na vidudu vidogo vilivyojipaka ungaunga mweupe. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwona mdudu yule barani Afrika. Alisafiri kwa upepo, na alisafiri pia kwa mikono ya watu katika pingili za kupanda. Aliposhika shamba sawasawa, mkulima aliweza kupoteza hata asilimia 80 ya mavuno ya mizizi. Mboga ndiyo iliyotangulia kutoweka, na hapo mama wa nyumbani alijua kabla ya bwana shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu huyo alikuwa amekwisha kuingia kaskazini mwa Zambia, na Luapula, mkoa unaoishi kwa muhogo, ukawa hatarini.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: huyu ni nani?

Wataalamu wa uainishaji wa wadudu humweka kidung'ata katika oda iitwayo Hemiptera. Hao ni wadudu wasiokuwa na meno ya kutafuna. Wana mdomo kama sindano, nao hudunga mmea na kufyonza utomvu wake. Katika oda hiyo wamo vidukari, inzi weupe wanaoeneza ugonjwa wa batobato, na wale vidudu warukaji ambao huruka ghafla mtu anapogusa jani la mhindi. Mmoja wa warukaji hao, Peregrinus maidis, anapatikana katika nchi nyingi za joto, zetu zikiwamo, na hueneza virusi vya mahindi. Alipewa jina mwaka 1890 na Ashmead wa Marekani, kwa wadudu waliotoka Florida, akawekwa katika jenasi ya Delphax. Mwaka 1904 Kirkaldy akaona hapo si nyumbani kwake, akamfanyia jenasi mpya, Peregrinus, yaani mgeni au msafiri. Kwa hiyo majina haya ya Kilatini, yanayoonekana kama mapambo ya wasomi, ni kama karatasi za ukoo: humweleza mtu ndugu wa mdudu ni akina nani na pengine atokako.

Kidung'ata wa muhogo alipata jina lake mwaka 1977. Bibi Danièle Matile-Ferrero, mtaalamu wa makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Paris, alimchunguza, akathibitisha kwamba ni spishi ambayo haijapata kuelezwa na mtu, akamwita Phenacoccus manihoti. Kwa kuwa mdudu alipenda muhogo, na muhogo ulitoka Amerika, ilikuwa busara kudhani kwamba naye alitoka huko. Na kama kule haonekani kuwa tishio, bila shaka ana adui anayempunguza. Kazi ikawa kumtafuta adui huyo.

Hapo ndipo kosa dogo la utambuzi lilipogharimu miaka. Kaskazini mwa Amerika ya Kusini watafutaji walikuta kidung'ata juu ya mihogo, anayefanana sana na yule wa Afrika. Walikusanya nyigu waliokuwa wakimshambulia, lakini nyigu hao walikataa kuzaliana juu ya kidung'ata wa Afrika. Mtu asiyejua angesema njia yenyewe haifai. Ukweli ulikuwa kwamba walikuwa wameshika mdudu mwingine. Yule wa Afrika ana rangi ya waridi, na wote ni majike: kila mmoja hutaga mayai mamia bila kupandwa na dume. Yule wa kaskazini ana rangi ya manjano, na ana madume. Mwaka 1981 Cox na Williams walimtenga rasmi, wakampa jina la Phenacoccus herreni, kwa heshima ya Hans Herren, Mswisi aliyeongoza mapambano hayo katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyoko Ibadan nchini Nigeria.

Mwaka huohuo wa 1981 Anthony Bellotti, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CIAT nchini Colombia, alimkuta kidung'ata wa kweli nchini Paraguay, kusini kabisa ya pale walipokuwa wakitafuta wengine. Pamoja naye alikuwapo nyigu mdogo, asiyefikia urefu wa punje ya mchele. Jike la nyigu huyu hutaga yai ndani ya kidung'ata. Mtoto anayeanguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani, na kidung'ata hugeuka kuwa ganda gumu la rangi ya kahawia ambamo hutoka nyigu mwingine. Hata nyigu huyu hakusalimika na mabadiliko ya majina: alianza kuwa Apoanagyrus lopezi, akawa Epidinocarsis, na siku hizi huandikwa Anagyrus lopezi. Wakulima hawakudhurika kwa hilo.

Nyigu walipitishwa kwanza London ili wakaguliwe wasilete mkosi mwingine, kisha wakaachiwa Nigeria mwishoni mwa mwaka 1981. Baadaye walisambazwa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, Zambia ikiwamo, mahali pengine kwa kurushwa kutoka ndegeni. Mwaka 1995 Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Kwa maoni yetu yule bibi wa Paris na wenzake wa London walistahili angalau kutajwa pamoja naye kila habari hii inaposimuliwa, nao hutajwa mara chache.

Vidung'ata hawakuisha, walipungua mpaka muhogo ukaweza kuvumilia. Wakati wa kiangazi huongezeka tena, na katika mashamba yenye mchanga uliochoka nyigu hufanya kazi kwa shida, kwa kuwa mmea dhaifu huzaa vidung'ata wadogo ambao nyigu huzaa ndani yao madume zaidi kuliko majike.

Akina mama wanaochuma kisamvu ndio wanaoliona jani karibu kuliko mtu mwingine, na alama zenyewe si vigumu kuzitambua. Jani lenye mabaka ya manjano na lililopindika, bila ungaunga wowote, ni la batobato, na hilo ni jambo jingine. Ncha iliyojikusanya pamoja, yenye unga mweupe upande wa chini na pengine ukungu mweusi juu ya majani yaliyo chini yake, ni ya kidung'ata. Pingili za shamba kama hilo zisichukuliwe mbegu, wala zisipakiwe kwenye mtumbwi kupelekewa ndugu wa kisiwa kingine. Dawa ya kupulizia nayo iachwe, kwani humwua nyigu pia. Na katikati ya ule weupe zikionekana punje za kahawia, ngumu, zilizovimba, ncha hiyo isikatwe wala kuchomwa moto: humo nyigu wanangoja kutoka.