Riwaya za Watoto na Majonzi (2): Mama Aliyekosa Jibu

Wiki iliyopita tuliona jinsi watu wazima walivyojiwekea utaratibu wa kuomboleza: maziko, matanga, arobaini. Mtoto yeye hupelekwa kwa jirani, na akiuliza huambiwa marehemu amesafiri. Leo tuitazame riwaya ya Kimarekani iliyotokana na mtoto ambaye jibu la namna hiyo lisingemfaa.

Mwaka 1974 Katherine Paterson, mwandishi aliyekuwa akiishi Takoma Park, Maryland, alifanyiwa upasuaji wa saratani. Hofu haijamtoka, mwezi Agosti radi ikamuua rafiki kipenzi wa mwanawe David, binti wa miaka minane. David akaona Mungu anamchukia yeye, ndiyo maana kamnyang'anya rafiki. Mama akatafuta la kumwambia, asilipate. Akaanza kuandika.

Riwaya hiyo, Bridge to Terabithia, inawahusu Jess na Leslie, watoto waliojitungia ufalme wao msituni, ng'ambo ya kijito wanachokivuka kwa kubembea kwenye kamba. Kazi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika siku ya Leslie kufa. Hapo kalamu ikagoma. Paterson alidhani anashindwa kumzika mara ya pili rafiki wa mwanawe. Shoga yake mmoja akamwambia kifo anachokikwepa ni chake mwenyewe. Alipolikubali hilo, akarudi mezani akaandika.

Tazama sasa alivyoyapanga. Radi aliiacha, katika riwaya kamba inakatika na Leslie anafia kijitoni, siku ambayo Jess yuko matembezini Washington na hakumwalika. Majuto ya David yamepata mahali pa kukaa. Jess anakataa kuamini, anakasirika, anakitupa kijitoni kisanduku cha rangi alichozawadiwa na Leslie. Hakuna mtu mzima anayemfuta machozi kwa mawaidha yakakauka. Mwishowe anaokota mbao, anatandika daraja, kisha anamvusha mdogo wake May Belle mpaka kwenye ule ufalme.

Kitabu kilitoka mwaka 1977, na mwaka uliofuata kikapata Nishani ya Newbery. Lakini siri yake ni zile mbao. Sisi kwenye msiba tunachota maji, tunapika, tunapanga viti, na mikono ikishughulika moyo hupumua. Paterson alimpa mtoto kazi yake katika msiba.

Wiki ijayo: je, waandishi wetu wa Kiswahili wamewapa nini watoto waliofiwa?