Soko la Vikuukuu la Marolles, Mjini Brussels

Ubelgiji ni nchi ndogo, tena changa kwa hesabu ya dola za Ulaya, maana haikujitenga na Uholanzi mpaka mwaka 1830. Na mji wake mkuu, Brussels, unaendeshwa mithili ya nyumba ya wake wenza, ambamo kila neno hutamkwa mara mbili ili upande mmoja usije ukalalama kuwa umedharauliwa. Kila njia ina kibao chenye jina la Kifaransa na jina la Kiholanzi, na mara nyingine majina hayo mawili hayana udugu wowote baina yao. Kwa hiyo ajnabi aulizaye njia ya kwenda kwenye soko mashuhuri la vitu vikuukuu asishangae akielekezwa na mmoja Place du Jeu de Balle na mwingine Vossenplein: wote wawili wamesema kweli, na uwanja ni huo huo mmoja.

Uwanja huo umo katika mtaa wa Marolles, na mtaa wenyewe hauelezeki bila ya kutaja kilima kilicho juu yake. Tangu zama za kale watawala wa Brussels, pamoja na mawaziri na matajiri wao, walikaa juu, ilhali wafumaji, watengenezaji wa ngozi na vibarua walikaa mteremkoni na bondeni. Mchoraji Pieter Bruegel, ambaye picha zake za harusi na karamu za watu wa mashamba zinajulikana ulimwenguni kote, alifunga ndoa mwaka 1563 katika kanisa la Chapelle, lililo ukingoni mwa mtaa huu. Karne tatu baadaye serikali iliazimia kujenga Jumba la Mahakama juu ya kilima, na ili kulipatia nafasi nyumba nyingi za watu wa Marolles zikabomolewa. Kazi ilianza mwaka 1866, ikamalizika mwaka 1883; aliyelibuni, Joseph Poelaert, alifariki mwaka 1879 bila ya kuliona limekamilika, na wenyeji, kwa uchungu waliokuwa nao, wakaligeuza jina la kazi yake kuwa tusi la kutukaniana vilabuni. Kwa macho yangu jumba hilo lina haiba ya kutisha zaidi kuliko ya kupendeza, na kwa miongo kadhaa kuta zake zilizungukwa na majukwaa ya mafundi, hata wapo vijana waliokua bila ya kuliona likiwa wazi. Siku hizi pana lifti ya vioo inayowapandisha na kuwateremsha watu baina ya Marolles na uwanja wa mahakama bila ya nauli, na anayeiteremka asubuhi huiona paa kwa paa sehemu ya mji ambayo watalii wengi huipita kwa haraka.

Soko lilihamishiwa uwanjani hapo mwaka 1873, na sasa hufanyika kila siku mwaka mzima, tangu asubuhi hadi mnamo saa nane mchana, na Jumamosi na Jumapili huchelewa kidogo kuvunjwa. Hapana vibanda wala paa. Uwanja umetandikwa mawe ya kijivu, na juu ya mawe hayo, ama juu ya blanketi iliyochakaa, kila mchuuzi humwaga shehena yake: sahani za kauri zisizotimia seti, birika za shaba, sahani za santuri, saa za ukutani zilizosimama, lesi zilizofumwa kwa mkono na kugeuka rangi ya chai, viti vyenye mguu mmoja uliolegea, vitabu vya sala, kamera, visu vya kukatia jibini, na funguo zisizo na milango. Mvua ikinyesha, nayo hunyesha mara nyingi, hufunikwa kwa karatasi za plastiki zile bidhaa zenye thamani, na zilizobaki huachiwa kudura.

Asili ya bidhaa hizi ndiyo iliyolipa soko la Marolles sifa yake. Afapo mzee aliyeishi miaka hamsini katika nyumba moja yenye orofa tatu na ghala la chini, warithi wake, ambao aghalabu wanakaa katika vyumba vidogo vya kupanga, hawana pa kuyaweka makabati yake wala wakati wa kuzisoma barua zake. Basi humwita mtu ambaye kazi yake ni kumaliza nyumba, naye huingia na gari na kuondoa kila kitu, kuanzia samani hadi vijiko. Vitu vikiwa vizuri yeye ndiye huwalipa warithi, na vikiwa duni warithi ndio humlipa yeye. Asubuhi masanduku hufikishwa uwanjani, na mara nyingi hata aliyeyaleta hajui yaliyomo. Msomaji wa pwani, aliyezoea kuona nguo za marehemu zikigawiwa jamaa na masikini, huenda akaona haya kidogo kuinamia picha za harusi za watu asiowajua zikiuzwa kwa mafungu; lakini nafsi huzoea upesi kuliko tunavyodhani. Na asidhani kuwa jambo hili liko mbali naye, kwa kuwa nguo zinazotolewa katika makabati ya Ulaya namna hiyo ndizo nyingine zifungwazo marobota zikavuka bahari, hata zikafunguliwa Gikomba au Karume na kupewa jina la mitumba.

Wenye kuijua biashara hufika kabla ya jua kuchomoza, wakiwa na tochi mikononi, na hao wengi wao ni wenye maduka. Kitu kilichonunuliwa kwa euro chache juu ya mawe hupanda hadi katika njia za Blaes na Haute, ambako kinasafishwa na kuwekwa dirishani. Kikiwa cha heri zaidi hupanda tena hadi Sablon, uwanja wa wauza vitu vya kale wenye vioo vinavyong'aa, na hapo bei yake imekwisha kuzidi mara nyingi ile ya alfajiri. Basi anayetaka rahisi na aamke mapema, ama sivyo angojee saa ya kufunga, wakati mchuuzi anapopima uzito wa kabati dhidi ya maumivu ya mgongo wake. Kupatana bei kunaruhusiwa, ila si kwa ufasaha wa Darajani au Marikiti. Muuzaji hataapa wala hatakuita ndugu, bali atataja bei yake akiangalia pembeni, nawe utataja yako, na baada ya hatua mbili au tatu mambo yatakuwa yamekwisha. Nikiri kuwa maneno machache namna hiyo hunikosesha nusu ya ladha ya kununua.

Ama kuhusu chakula, uwanja umezungukwa na mikahawa iliyofungua milango tangu alfajiri kwa ajili ya wachuuzi, ambamo supu ya moto hunywewa saa ambayo watu wengine bado wamelala. Katika mji huu pia huuzwa konokono wa baharini waliochemshwa katika mchuzi wenye pilipili manga, ambao huliwa kwa kusimama, katika bakuli. Mfuasi wa madhehebu ya Shafi atapata hoja za kukihalalisha kila kitokacho baharini. Ila ulimi nao una madhehebu yake. Viazi vya kukaanga ni habari nyingine, kwani Wabelgiji huvikaanga mara mbili, kwanza kwa moto wa wastani na kisha kwa moto mkali, vikawa laini ndani na vikavu nje, na kwa desturi ya zamani mafuta yake ni ya ng'ombe, jambo ambalo Mwislamu hana budi kuliulizia kabla ya kuagiza. Siku ya Jumapili, mwenye njaa hasa na atembee kidogo tu hadi kituo cha reli cha kusini, ambako hufanyika gulio kubwa la mboga, zeituni, viungo na samaki. Hapo ndipo inapodhihiri kazi ya mkataba uliotiwa saini mwaka 1964 baina ya Ubelgiji na Moroko wa kuleta wafanyakazi wa migodini na viwandani: wajukuu wa watu hao ndio wanaopiga kelele za bei, na kwenye mabamba ya moto hukandwa na kuchomwa chapati za tabaka tabaka, zikajazwa jibini na asali, zikaliwa pamoja na chai ya nanaa. Chapati hizo zilinipendeza kuliko viazi.

Wapenzi wa hadithi za picha watakumbuka kuwa Hergé alilitumia soko la Marolles katika kisa alichokitoa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambamo Tintin ananunua hapo mfano wa jahazi la kale na kujiingiza katika msururu wa mashaka. Na mwaka 2014 halmashauri ya mji ilipotoa shauri la kuchimba maegesho ya magari chini ya uwanja, wenyeji waliinuka kwa kishindo hata shauri likaachwa. Yaelekea somo la Poelaert halikusahauliwa.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi. Kongo ilikuwa milki ya mfalme Leopold wa Pili tangu mwaka 1885 hadi 1908, kisha ikawa koloni la Ubelgiji mpaka 1960, na Ruanda-Urundi ilibaki chini ya mamlaka hayo hayo mpaka 1962. Maofisa, wamisionari na wahandisi wa shaba ya Katanga walirudi kwao na makasha, makasha yakawekwa darini, na sasa wenye makasha wamekufa. Ndiyo sababu katika masanduku ya Marolles hutokea stempu na kadi za posta za Kongo, hati za hisa za makampuni, nishani, vitabu vidogo vya kumfundisha ofisa Kiswahili cha kuamrishia, na picha za mtumishi mwenye kanzu nyeupe aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana wake. Nyuma ya picha aghalabu limeandikwa jina la bwana na la kituo. Jina la mtumishi halipo. Vinyago vipo pia, vingi vikiwa vilichongwa kwa ajili ya wageni na kutiwa moshi ili vizeeke, na pembe za ndovu mtu asiziguse kabisa, maana sheria za Umoja wa Ulaya zimeibana mno biashara yake na forodha hazina mzaha. Bali zile picha ningependa zinunuliwe na watu wa Bukavu na Lubumbashi, ambao huenda wakamtambua babu kwa uso pale ambapo maandishi yamenyamaza. Wala hawako mbali, kwani mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, uko mwendo usiozidi nusu saa kwa miguu, na ndani yake sombe, yaani kisamvu, hupikwa na Kiswahili cha Kivu husikika katika maduka ya kusukia nywele.

Serikali nayo ina ghala lake la mambo hayo huko Tervuren, katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1910 na kufunguliwa upya mwaka 2018 baada ya matengenezo marefu, ambako vitu vimepangwa, vimeangaziwa taa na kuandikiwa maelezo. Ningemshauri msafiri aanze Marolles, aone vitu hivyo vikiwa bado na vumbi la nyumba vilimotoka, ndipo apande tramu namba 44 kutoka Montgomery, ipitayo msituni hadi Tervuren. Ila asichague Jumatatu, kwani siku hiyo makumbusho hufungwa.