Je, Wajua Yaliyomo Ndani ya PS2?

Washa PlayStation 2 ambayo haijachezewa na fundi, na kabla hujaweka CD utaona minara ya mwanga imesimama gizani, mingine mirefu, mingine mifupi. Vijana wengi wa vibanda vya gemu, kuanzia Segese hadi Geita mjini, wameipita minara hiyo mara nyingi wakisubiri gemu ya GTA San Andreas ifunguke, wakidhani ni pambo. Kumbe ni kumbukumbu. PS2 huandika kwenye memori kadi gemu zilizochezwa, hadi 21, na kila gemu inavyorudiwa ndivyo mnara wake unavyorefuka. Memori kadi mpya haina mnara hata mmoja. Ya mchezaji wa siku nyingi inaonyesha mji mzima.

Memori kadi imetumika kwa ujanja mkubwa zaidi ya huo. Katika Metal Gear Solid ya PlayStation ya kwanza, iliyotoka 1998, kuna adui anayeitwa Psycho Mantis anayejigamba kuwa anasoma mawazo. Anachosoma ni kadi yako: akikuta umehifadhi gemu nyingine za kampuni ya Konami, anakutajia. Halafu anakwepa kila pigo, kwa sababu eti anaona vidole vyako vinataka kufanya nini. Dawa yake ni kuchomoa pedi kwenye tundu la kwanza na kuichomeka kwenye la pili. Hapo hawezi tena kukusoma. Sijaona ubunifu wa gemu unaomheshimu mchezaji kuliko huo, maana unamlazimisha anyanyuke na kuigusa mashine yenyewe.

PS2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, na zaidi ya milioni 160 zimenunuliwa duniani. Zile nene za mwanzo zimebeba ndani yake prosesa ya PlayStation ya kwanza. Ukiweka CD ya zamani, prosesa hiyo inarudi kazini kama zamani. Ukiweka ya PS2, inageuka msaidizi wa kusoma pedi na memori kadi. Kumbukumbu kuu ya kufanyia kazi ya mashine hii ni megabaiti 32 tu. Picha chache za simu ya leo zinaijaza, lakini San Andreas yenye miji mitatu, jangwa na mlima ilienea humo, kwa sababu mashine inasoma kipande kimoja cha nchi kila unapokikaribia na kukitupa ukishakipita.

Ukiwa kwenye San Andreas hiyohiyo, subiri usiku, chukua bunduki ya kulenga mbali, upige mwezi. Utabadilika ukubwa. Obbe Vermeij, aliyekuwa mkuu wa ufundi pale Rockstar North, watengenezaji wa GTA, amesimulia chanzo chake: wachoraji wa GTA III walikuwa wakimjia, huyu anataka mwezi mdogo, yule anataka mkubwa. Akaweka ukubwa wa aina tatu unaobadilika kwa risasi, ili waujaribu na kukubaliana. Hawakukubaliana, naye akauacha hivyo hivyo.

Wapenzi wa PES, gemu ya mpira wa miguu, nao wana la kujua. Liverpool ilipoitwa Merseyside Red, na Chelsea katika PES 6 ikaitwa London FC, si kwamba watengenezaji hawakuzijua timu hizo. Konami haikuwa na haki ya kutumia majina yao. Na wale Castolo, Minanda na kipa Ivarov unaoanza nao kwenye Master League hawajawahi kuzaliwa. Wamebuniwa tu, na bado kuna watu wanaowakumbuka kuliko wachezaji halisi wa miaka ile.

Jina la kwetu pia limo. Mwaka 1990 mbunifu wa gemu Hideo Kojima alitoa Metal Gear 2 kwa kompyuta za MSX2, na mwaka 2005 gemu hiyo ikaingizwa kwenye PS2 ndani ya Metal Gear Solid 3: Subsistence. Vita vyake vinapiganwa katika nchi iitwayo Zanzibar Land. Hakuna karafuu wala jahazi: nchi hiyo ya kubuni imewekwa Asia ya Kati, na shujaa anatumwa huko kumwokoa mwanasayansi aliyegundua kiumbe kidogo kinachotengeneza mafuta ya petroli.

Lakini kilichomo ndani ya PS2 kinachotuhusu zaidi hakionekani kwenye skrini. Vifaa vya elektroniki vya wakati ule vilitegemea tantali, madini yatokanayo na koltani, kutengenezea vihifadhi umeme vidogo vinavyostahimili joto. Mwaka 2000 simu, kompyuta na PS2 vilihitajika kwa wingi kwa mpigo, bei ya tantali ikapaa, na watu wakamiminika machimboni Kivu, mashariki mwa Kongo, katikati ya vita. Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti jinsi madini ya huko, koltani ikiwemo, yalivyoporwa na kugharimia mapigano. Mwaka huohuo bei ikaporomoka, na wachimbaji wakabaki na mashimo. Anayeishi kwa kutegemea bei ya dhahabu pale Segese hahitaji kuelezwa maana yake.

Dhahabu nayo imo. Kwa kawaida chipu za enzi zile ziliungwa kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Ila asiwepo wa kuvunja mashine kwa ajili hiyo: ya PS2 moja ni kidogo mno kumlipa mtu jasho lake, na moshi wa bodi inayoungua ni sumu. Ikifa lenzi, mpelekee fundi. Sony ilisimamisha uzalishaji mwanzoni mwa 2013, na hata hivyo PES 2014 ilitolewa kwa PS2 mwishoni mwa mwaka huo, kwa sababu wanunuzi bado walikuwepo.