Goti Linapouma: Kidonge, Krimu au Manjano?

Mwenye gegedu la goti lililolika hupanda ngazi akishika ukuta, na jioni hupitia duka la dawa kuulizia kidonge cha maumivu.

Panadol husaidia kidogo. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi, lakini zikimezwa mfululizo huweza kuchubua tumbo hadi litoke damu, kupandisha presha na kuumiza figo. Kwa goti au vidole, diklofenaki ya kupaka ni chaguo la busara, kwani kiasi kidogo tu huingia kwenye damu.

Krimu ya pilipili nayo si ushirikina. Kapsaisini, kile kile kinachowasha ulimi, hufifisha neva zinazopeleka taarifa ya maumivu. Hupakwa kila siku kwa wiki kadhaa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Tangawizi na manjano huwapa wengine nafuu ndogo. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza.

Ya kuogopwa ni "dawa ya asili" inayofuta maumivu usiku mmoja. Maabara katika nchi mbalimbali zimekuta deksamethasoni, steroidi kali, ndani ya dawa za namna hiyo bila kutajwa kwenye chupa.

Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine kabisa: kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Methotreksati, inayotumiwa mara moja tu kwa wiki, hupunguza uharibifu huo. Anayeamka vidole vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, siku baada ya siku, awahi hospitali.