Mhasibu wa Kolwezi na haki ya kukataa

Kwa kijana wa Kolwezi aliyesomea uhasibu na asiyetaka kungoja ajira ya mgodini, kufungua ofisi yake mwenyewe kuna maana zaidi leo kuliko miaka kumi iliyopita. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliamuru kwamba kazi ambazo kampuni kubwa huwagawia wengine, zile watu wa mjini huita sutretans, ziende kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Migodi ya Lualaba, mkoa wa Kolwezi, ina kazi nyingi za namna hiyo: malori, chakula cha wafanyakazi, ulinzi, matengenezo ya mitambo. Anayezitaka hana budi awe na hesabu zinazosomeka na hati za kodi zilizo sawa, kwa hiyo anamhitaji mhasibu. Lakini je, mhasibu huyo aanze kazi mara moja na mambo ya ONEC, chombo cha kitaifa cha wahasibu wataalamu, yafuate baadaye? Naona afadhali mlango wa ONEC uwe wa kwanza. Sisemi hivyo kwa kuogopa adhabu. Kuandikishwa humpa mtu anayejitegemea kitu ambacho kwa kawaida hana, yaani uwezo wa kumkatalia mteja.

Tazama kwanza sheria inataka nini. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, Septemba 2012, na ONEC ikaundwa kwa sheria ya tarehe 12 Februari 2015. Tangu Januari 2018 hesabu za kampuni hufuata mfumo wa OHADA uliorekebishwa: mwaka hufungwa tarehe 31 Desemba, na taarifa za fedha huwa tayari ndani ya miezi 4. Kampuni ya SARL, yaani yenye dhima ya kikomo, inalazimika kuwa na mkaguzi wa hesabu ikivuka mipaka miwili kati ya hii mitatu: mali ya franka za CFA milioni 125, mauzo ya milioni 250, au wafanyakazi 50 wa kudumu. (Mipaka imewekwa kwa sarafu isiyotumika Kolwezi, lakini tukubali.) Mkaguzi huyo hatoki popote ila kwenye orodha ya chombo cha taaluma, na haruhusiwi kukagua vitabu alivyoviandika mwenyewe. Kampuni ya malori yenye madereva 60 hufika huko upesi.

Sasa fikiria ofisi changa ambayo mteja mmoja ndiye anayelipa nusu ya kodi ya nyumba. Mteja anataka vitabu viwili: kimoja chenye faida cha kuonyesha benki na mgodi, kingine chenye hasara cha kupeleka DGI, idara ya kodi. Mhasibu asiye na chombo nyuma yake ana hoja moja tu, dhamiri yake, na dhamiri hailipi pango. Aliyeandikishwa ana hoja ya pili, ambayo mfanyabiashara anaielewa mara moja: nikisaini hii nitafutwa kwenye orodha, na nikifutwa saini yangu haitakufaa tena wewe wala mwingine. Hoja hiyo huhitajika hasa biashara inapoyumba. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na kuanzia Oktoba ikauruhusu kwa mgao tu. Mwenye malori ambaye mapato yake yote yanatoka kwenye madini hayo ndiye atakayeomba tarakimu zipindwe kidogo.

Wapo watakaosema uandikishaji ni anasa: mafunzo ni marefu, ada ni nzito, Kinshasa ni mbali, na mteja mdogo hutafuta wa bei nafuu. Hayo yana uzito. Lakini hakuna anayesema kijana akae bure mpaka apate cheo. Anaweza kuwa mwanagenzi katika ofisi iliyoandikishwa, Lubumbashi kwa mfano, huku akijifunza kazi kwa vitabu vyepesi vya wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa OHADA inaruhusu hesabu za kuingia na kutoka kwa fedha pale mauzo ya huduma yasipofika franka za CFA milioni 30. Kinachokatazwa ni kujiita mtaalamu kabla hujawa.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine: wapo walioandikishwa wanaosaini chochote wakilipwa. Kweli. Basi hoja yangu yote inaegemea nidhamu ya ONEC yenyewe. Orodha isiyomfuta mtu hata mmoja haimtishi mteja, na mhasibu anayeitaja wakati wa kukataa atachekwa. Ndiyo maana ada ya kijana wa Kolwezi inapaswa kumpa haki ya kudai kwamba mashtaka yasikilizwe karibu na migodi, na kwamba majina ya waliofutwa yatangazwe pale wenye kampuni za sutretans watakapoyaona.