Kivu: Jinsi ya kupiga picha radi usiku bila kuhatarisha maisha

Mawingu yanapoanza kunguruma usiku upande wa Kabare, vijana wengi wa Bukavu hutoa simu na kusimama kwenye barza. Radi inapiga, wanabonyeza. Inapiga tena, wanabonyeza. Mwishowe simu inajaa picha nyeusi tupu. Kuna lingine baya zaidi: mahali waliposimama, radi inaweza kuwaua.

Ni sehemu chache sana duniani zinazoishinda Kivu kwa picha za namna hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa kutumia vipimo vya miaka 16 vya satelaiti ya NASA, uliweka eneo la karibu na Kabare katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Zilihesabiwa radi 205 hivi kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba. Kampene, jimboni Maniema, na Sake, Kivu Kaskazini, zimo pia kati ya za kwanza. Sababu moja ni milima: hewa yenye unyevu kutoka bonde la Congo inaigonga, inapanda juu na kugeuka mawingu mazito.

Radi hupigwa picha kama fataki za sikukuu, ila fataki zina saa yake na radi haina. Anayengoja kuiona ndipo abonyeze amekwisha chelewa, kwani haidumu hata sekunde moja. Dawa ni kuiacha kamera wazi gizani na kungoja radi ijilete yenyewe.

Mwenye kamera aiweke kwenye kisimamo cha miguu mitatu, au juu ya meza isiyotikisika, na kuzima flashi. ISO iwe 100, tundu la lenzi f/8, na muda sekunde 10 hadi 20. Fokasi iwekwe kwa mkono, kwenye taa ya mbali, kwa mfano zile za ng'ambo ya ziwa, upande wa Rwanda. Kisha apige picha moja baada ya nyingine bila kupumzika. Radi ikitoka nyeupe mno, asipunguze muda. Apunguze tundu hadi f/11, maana muda hubadilisha tu mwanga wa mji na mawingu.

Mwenye simu peke yake aiegemeze kwenye vitabu, achukue video, kisha atafute ndani yake ile picha moja yenye radi na kuihifadhi. Ubora utapungua kidogo, lakini radi haitamponyoka.

Yote hayo yafanyike ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lililofungwa. Kioo kifutwe vizuri na taa ya chumba izimwe, isionekane kwenye picha. Siku umeme umekatika, kazi hiyo imekwisha fanyika.

Barza, mti na turubai havimkingi mtu. Radi inaweza kupiga hata kilometa kumi kutoka mahali mvua inaponyesha, kwa hiyo anga kavu juu ya kichwa si ushahidi wa usalama. Hesabu ni rahisi: toka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilometa moja hivi. Zikiwa chini ya 30, aliye nje aingie ndani mara moja, na asitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Mvua za Kivu Kusini huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Aliyekosa picha leo atapata nyingine wiki ijayo, mradi awe hai.