Anapoona Sura za Huzuni tu

Tuchukue mfano wa baba mmoja mchimbaji. Alikuwa Kamituga tarehe 11 Septemba 2020, siku mashimo ya dhahabu ya Detroit yalipoporomoka kwa mvua na watu wapata 50 wakafa. Yeye aliponea, lakini mwenzake wa kazi alibaki chini. Akarudi Bukavu, nyumbani kwake Kadutu.

Miezi ikapita. Jioni watoto wanacheka, yeye haoni. Lakini mama akikunja uso kidogo, sababu moshi wa makala umemuingia machoni, hapo anaona mara moja. "Hata wewe umenichoka," anasema.

"Baba watoto, nimesema nini?"

"Hujasema. Sura yako imesema."

Akaanza kulala kwa ndugu yake. Mama anafikiri kuna bibi mwengine. Majirani wanasema ni uchawi. Kanisani wengine wanasema imani yake imepunguka. Ndugu, inawezekana baba huyu ni mgonjwa.

Jicho linalotafuta huzuni

Ugonjwa huu waganga wanauita depresio. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 280 walikuwa nao. Huzuni ya kawaida hupita. Lakini mtu akikaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, na roho nzito ao bila kufurahia kitu, halafu usingizi, chakula na nguvu vikaharibika, tusiseme ni uvivu.

Ugonjwa huu unagusa hata namna ya kuangalia watu. Mwaka 2004, kule Marekani, mwalimu Ian Gotlib na wenzake walionyesha wagonjwa picha mbili za sura kwa wakati mmoja: moja yenye huzuni, kasirani ao furaha, na ingine ya kawaida tu. Baada ya segonde moja picha zinaondoka, na alama ndogo inatokea pahali pa moja kati yao. Mtu anapashwa kufinya kidude mbio anapoiona. Wagonjwa walikuwa wepesi zaidi alama ikitokea pale sura ya huzuni ilipokuwa. Maana yake macho yao yalikuwa yamekwisha kukaa pale. Kwa sura za kasirani na za furaha haikuwa hivyo.

Wapimaji wengine hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo tusiseme kila mgonjwa yuko vile. Lakini munganga Aaron Beck, wa Marekani vilevile, alikuwa amekwisha kueleza tangu miaka ya 1960 kwamba huzuni inavuta mawazo kwenda kwa mambo yanayofanana nayo. Ni kama duara: roho inaumia, macho yanaokota huzuni, na ile huzuni inaongeza kidonda.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tusimwambie, "Wewe unajiwazia tu." Kwake ni kweli ameona.

Pili, mama, usiache sura yako iseme peke yake. Sema kwa kinywa: "Nimechoka na kazi ya soko, sikukukasirikia." Vijana, nanyi musalimie baba hata kama hajibu.

Tatu, mupeleke kwa munganga. Hapa Bukavu tuko na SOSAME, kituo cha wagonjwa wa roho na akili, na hospitali ya Panzi inasaidia pia waliojeruhiwa moyoni na vita. Maombi na dawa havipigani. Na mtu akisema heri afe, usimuache peke yake, usingojee siku ya pili.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 2, kinatuonyesha mfalme Artashasta. Aliona uso wa mtumishi wake umebadilika, naye hakuwa mgonjwa wa mwili. Mfalme hakumshitaki, wala hakunyamaza. Aliuliza sababu, akangoja jibu, halafu akasaidia.

Mama yule wa Kadutu naye anaweza kuanza pale: asiulize bwana yake analala wapi, amuulize anaona nini. Na wewe, nyumbani kwako, ni nani umeona uso wake umebadilika na haujamuuliza bado?